Bomu kubwa, bunduki ndogo: jinsi mataifa yanavyojaribu kuzuia silaha za maangamizi

Maneno haya yalisemwa redioni katika mazungumzo ya amani. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kusikiliza, na kwa ajili ya viongozi wanaotaka kuyasoma tena pamoja na watu wao.

 

Leo tutazungumza juu ya silaha za maangamizi. Tunajua kwamba wengine watashangaa. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni atasema: «Mimi sikufukuzwa na bomu la atomu. Nilifukuzwa na vijana wenye bunduki na panga. Mbona mnaniletea habari za Ulaya na Marekani?» Mama huyo ana haki ya kuuliza. Hatutamkwepa. Tutamjibu kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza: jiwe lililotengeneza bomu la kwanza la atomu kutumiwa vitani lilitoka kwa sehemu kubwa katika ardhi ya Congo. Sababu ya pili: biashara ya mawe na vyuma vya hatari inaweza kumwua mtu wetu hapa hapa, hata bila vita. Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa: mataifa yaliyoogopana sana yamejifunza njia fulani za kuweka silaha chini. Njia hizo zinafaa pia kwa vijiji viwili vinavyoogopana.

SILAHA ZA MAANGAMIZI NI ZIPI?

Tunaposema silaha za maangamizi, tunasema juu ya silaha za aina tatu.

Aina ya kwanza ni bomu la atomu, liitwalo pia bomu la nyuklia. Bomu moja huharibu mji mzima kwa moto na kwa upepo wa mlipuko. Tena huacha miale isiyoonekana wala kusikika, ambayo huendelea kuwadhuru watu baada ya moto kuzimika.

Aina ya pili ni silaha za kemikali, yaani sumu. Ni hewa au majimaji yanayochoma macho, ngozi na mapafu, au yanayozuia mwili usiweze kupumua.

Aina ya tatu ni silaha za vijidudu. Hapo mtu huchukua ugonjwa, kwa mfano kimeta, na kuutumia kwa makusudi ili uwapate watu au mifugo.

Silaha hizi zote tatu zina tabia moja: hazichagui. Bunduki hulengwa na mtu, naye anaweza kuulizwa siku moja mbele ya hakimu kwa nini alilenga. Lakini sumu ikibebwa na upepo haijui nani ni askari na nani ni mtoto anayenyonya. Ndiyo sababu mataifa mengi yalikubaliana kuziweka mahali pake, mbali na silaha nyingine.

JIWE LA SHINKOLOBWE

Karibu na mji wa Likasi, katika Katanga, pana mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915 iligunduliwa hapo urani. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, ilichimba mahali hapo hasa kwa ajili ya radi, ambayo madaktari waliitumia kutibu saratani. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa wakati ule.

Mwezi wa Agosti 1939, mwanasayansi Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Barua ilieleza kwamba urani inaweza kutengenezwa bomu la nguvu mno, na kwamba chanzo muhimu kuliko vyote vya urani kilikuwa Congo ya Wabelgiji. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, aliogopa madini hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 alipeleka New York zaidi ya tani 1,000. Mnamo Septemba 1942 jeshi la Marekani lilinunua mzigo huo wote, kisha likaomba mwingine.

Madini ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri usio na mfano. Mahali pengine wachimbaji walifurahi wakipata urani kidogo sana ndani ya jiwe. Hapa kwetu mawe mengine yalikuwa na zaidi ya nusu urani. Katika miaka ya vita yalipakiwa katika gari moshi hadi Port-Francqui, mji ambao leo unaitwa Ilebo, kisha kwa mashua hadi Léopoldville, halafu kwa gari moshi tena hadi bandari ya Matadi. Waafrika waliochimba na kubeba hawakuambiwa mawe yanakwenda kufanya nini, wala hawakuambiwa kwamba yanaweza kuwadhuru.

Tarehe 6 Agosti 1945, bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Siku tatu baadaye lingine liliangushwa Nagasaki. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Basi tusidanganyike. Habari hii si ya wageni peke yao. Mchimbaji wa Katanga na mama wa Hiroshima waliunganishwa na jiwe moja, wala hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

MAPATANO YA MWAKA 1968

Baada ya Marekani, bomu lilitengenezwa na Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Watu wakaona hatari: ikiwa kila nchi itataka lake, siku moja kosa dogo litaichoma dunia. Mwaka 1957 liliundwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, ambalo kwa Kifaransa huitwa AIEA. Makao yake ni Vienna, Austria. Mwaka 1968 ukafunguliwa mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, nao ukaanza kutumika mwaka 1970. Nchi yetu iliingia mwaka huo huo wa 1970.

Mkataba huo ni kama mapatano ya jamaa mbili. Wasiokuwa na bomu waliahidi kutolitafuta. Waliokuwa nalo, wale watano, waliahidi mambo mawili: kuwasaidia wengine kutumia atomu kwa kazi nzuri, kama hospitali na umeme, na kuzungumza kwa moyo wa kweli ili kupunguza na mwishowe kuondoa silaha zao. Kwa hiyo si mkataba wa upande mmoja. Ni deni la pande mbili.

Sasa mtauliza: nani anahakikisha? Hapa ndipo penye fundisho. AIEA haisemi tu «tunakuamini». Nchi hutangaza ina madini gani, kiasi gani, na yako wapi. Wakaguzi huja kupima na kuhesabu. Huweka mihuri kwenye milango na mapipa, na kamera zisizolala. Hufuta vumbi ukutani kwa kitambaa na kulipeleka maabara, maana vumbi husema ukweli hata mwenye nyumba akinyamaza. Kisha hulinganisha maneno ya mwenyeji na yale waliyoyaona.

Je, kazi hii imeleta faida? Ndiyo, kwa sehemu. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na silaha za nyuklia kama 70,000. Siku hizi zimebaki kama 12,000. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, Ukraine, Belarus na Kazakhstan zilirudisha silaha zilizokuwa katika ardhi yao. Watu wengi miaka ile ya 1960 walitabiri kwamba nchi kumi na tano au ishirini zingekuwa na bomu kabla ya muda mrefu. Hadi leo ni tisa.

AFRIKA ILIVYOSEMA HAPANA

Afrika ilionja bomu mapema. Tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ilijaribu bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Algeria. Hadi mwaka 1966 ilifanya majaribio 17 katika jangwa hilo. Viongozi wa Afrika walipinga kwa sauti, na mwaka 1964 walitangaza huko Cairo kwamba bara letu liwe bila silaha za nyuklia.

Lakini ndani ya Afrika yenyewe, Afrika ya Kusini ya ubaguzi ilikuwa ikitengeneza mabomu kwa siri. Ilimaliza mabomu sita. Kisha likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea mahali pengine: nchi iliyojitengenezea mabomu yake yenyewe iliamua kuyavunja yote. Mwaka 1991 iliingia katika mkataba, na mwezi wa Machi 1993 Rais de Klerk aliliambia bunge ukweli. Wakaguzi wa AIEA wakaja, wakapima urani iliyotolewa katika mabomu, wakasoma madaftari ya viwanda, wakashuhudia mashimo ya majaribio katika jangwa la Kalahari yakifukiwa.

Tarehe 11 Aprili 1996, nchi za Afrika zilitia sahihi huko Cairo Mkataba wa Pelindaba. Mkataba huo unakataza kutengeneza, kuweka au kujaribu silaha za nyuklia katika bara lote, na unakataza pia kutupa takataka za atomu kwetu. Ulianza kutumika mwaka 2009. Pelindaba ni jina la mahali karibu na Pretoria, palipokuwa na kituo cha atomu cha Afrika ya Kusini. Yaani jina la mahali pa hofu limefanywa jina la mahali pa amani. Hilo pia ni fundisho.

SUMU NA VIJIDUDU

Sumu nayo Afrika inaijua. Katika vita vya 1935 na 1936, ndege za Italia zilimwaga hewa ya sumu juu ya watu wa Ethiopia, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi itifaki ya Geneva ya 1925 iliyokataza jambo hilo. Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva mwaka 1936 kulalamika mbele ya mataifa. Walimsikiliza, hawakumsaidia. Tangu hapo tunajua kwamba karatasi isiyo na mkaguzi, wala adhabu, ni karatasi tu.

Mwezi wa Machi 1988, serikali ya Irak ilirusha sumu juu ya mji wa Halabja wa Wakurdi, raia wake yenyewe. Inakadiriwa kwamba watu kama 5,000 walikufa. Safari hii mataifa yaliandika mkataba wenye meno zaidi. Ulitiwa sahihi Paris mwaka 1993 na kuanza kutumika Aprili 1997. Una shirika lake huko La Haye, Uholanzi, liitwalo OIAC kwa Kifaransa. Nchi 193 zimeingia. Kila moja hutangaza sumu iliyo nayo, na huiharibu mbele ya mashahidi. Nchi ikimshuku jirani yake, inaweza kuomba wakaguzi waende haraka. Mwezi wa Julai 2023 Marekani ilimaliza kuharibu akiba yake. Hivyo akiba yote iliyotangazwa na mataifa, zaidi ya tani 72,000, ilikuwa imeharibiwa. Kazi haijaisha, maana katika vita vya Syria sumu ilitumika tena, na mwaka 2013 iliua mamia ya watu karibu na Damasko. Walakini tani zile 72,000 hazitamwua mtu tena.

Kuhusu vijidudu, mkataba ulifunguliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1975. Unakataza kabisa silaha hizo. Udhaifu wake ni kwamba hauna wakaguzi. Ni kama kijiji kilichoweka sheria ya kutoiba lakini hakikuchagua mlinzi.

Wala tusifikiri ni serikali tu zinazotafuta silaha hizi. Mwezi wa Machi 1995, kundi la dini la Japani, Aum Shinrikyo, lilitoa sumu katika gari moshi za chini ya ardhi mjini Tokyo. Watu zaidi ya kumi walikufa na maelfu wakaumia. Kiongozi wa kundi hilo alikuwa amekuja hapa kwetu, wakati ule Zaire, mwaka 1992, pamoja na wafuasi wake. Walisema wamekuja kusaidia wagonjwa. Uchunguzi uliofanywa Marekani baadaye ulisema walikuwa na nia ya kupata virusi vya Ebola. Kwa sababu ya mambo ya namna hii, Baraza la Usalama la ONU lilipitisha mwaka 2004 azimio namba 1540, linaloitaka kila nchi kuweka sheria na kulinda mipaka yake, ili silaha hizi na vitu vya kuzitengenezea visiangukie mikononi mwa makundi.

MAHALI KAMBA ILIPOKATIKA

Ndugu wasikilizaji, tungekuwa waongo kama tungesema mambo yote ni mazuri.

India, Pakistan na Israeli hazikuingia kamwe katika mkataba wa 1968. Korea ya Kaskazini ilitangaza mwaka 2003 kwamba imetoka, na kati ya 2006 na 2017 ilifanya majaribio sita. Mkataba wa 1996 wa kukataza majaribio yote haujaanza kutumika, kwa sababu baadhi ya nchi ambazo lazima ziukubali hazijafanya hivyo. Na wale watano wa kwanza, ambao waliahidi kuondoa silaha zao, bado wanazo. Tena wanazifanya upya. Ukraine, iliyotoa silaha zake na kuahidiwa mwaka 1994 kwamba mipaka yake itaheshimiwa, ilivamiwa na Urusi, mmoja wa wale walioahidi.

Kwa hiyo nchi nyingi zisizo na bomu zilichoka kungoja. Mwaka 2017 ziliandika mkataba mwingine, unaokataza silaha za nyuklia kwa watu wote bila ubaguzi. Ulianza kutumika mwaka 2021. Congo ilitia sahihi mwaka 2017 na kuuthibitisha mwaka 2022. Wenye mabomu hawakuingia. Hata hivyo wazee wa Hiroshima na Nagasaki waliopona, ambao kwa miaka mingi wamezunguka dunia wakisimulia, wanasema sheria huanza kwa kulitaja ovu kuwa ovu. Chama chao, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024.

HATARI ILIYO KARIBU NASI

Turudi nyumbani. Shinkolobwe ilifungwa wakati wa Uhuru, na mashimo yake yakazibwa kwa saruji. Lakini baadaye maelfu ya wachimbaji wa mikono walirudi hapo kutafuta kobalti, kwa sababu ya njaa. Mwezi wa Januari 2004 serikali ilipiga marufuku. Watu waliendelea. Mwezi wa Julai 2004 shimo liliporomoka na kuua watu wanane. Wataalamu wa ONU walifika mwaka ule ule, wakaona hatari mbili: udongo unaoanguka, na miale inayomwingia mtu kidogo kidogo kwa vumbi analovuta.

Kinshasa nako kulikuwa na mtambo mdogo wa atomu wa kufundishia, wa kwanza Afrika, uliowashwa mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za urani zilipotea hapo. Moja ilipatikana mwaka 1998 huko Italia, mikononi mwa wahalifu. Mnaona jinsi kufuli moja mbovu Kinshasa inavyoweza kuwa hatari Roma.

Tena wako matapeli. Hupita kwenye machimbo na kambi wakisema wanauza au wananunua urani, au zebaki nyekundu ya kutengenezea mabomu. Sikilizeni vizuri. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo. Ni uongo ulioenea sana katika miaka ya 1990, na umewafilisi wengi. Na urani ya jiwe si bomu. Katika urani ya kawaida, sehemu inayofaa kwa bomu haifiki hata moja kwa mia. Kuikusanya kunahitaji viwanda vikubwa, ambavyo hakuna kundi la msituni linaloweza kuvijenga. Basi anayekuambia «jiwe hili litakufanya tajiri» anataka fedha yako, au anataka wewe ubebe mzigo na kufungwa badala yake.

Hatari ya kweli ni nyingine. Mwezi wa Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waokota vyuma waliingia katika hospitali iliyoachwa. Walichukua chombo kilichotumika kutibu saratani, wakakivunja, wakakiuza. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa gizani kwa rangi ya samawati. Watu waliufurahia, wakaupaka mwilini, wakagawiana kama zawadi. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na watu 249 kwa jumla walipatikana na uchafu huo mwilini au ndani ya mwili. Hapakuwa na vita. Palikuwa na umaskini na kutojua.

Kwa hiyo, wazazi na viongozi, shikeni mambo haya manne:

1. Ukiona chombo cha chuma kizito kuliko ukubwa wake, au chenye alama ya mabawa matatu kuzunguka duara, usikiguse wala usikifungue. Watoto wasikichezee.
2. Wazuie watu wasikaribie, simama mbali, kumbuka mahali, kisha toa habari kwa shefu, kwa daktari wa kituo cha afya na kwa wakuu wa serikali.
3. Aliyekwisha kugusa aoge kwa maji mengi na sabuni, abadili nguo, na apelekwe kwa daktari bila kufichwa. Asipigwe wala kuitwa mchawi.
4. Usinunue, usiuze, usibebe mawe ambayo mwenyewe hataki yaonekane mchana.

FUNDISHO KWA VIJIJI VYETU

Sasa twende kwa yule mama tuliyemtaja mwanzoni, aliyefukuzwa na bunduki. Kwake bunduki ndogo imekuwa silaha ya maangamizi, maana imemaliza kijiji kizima, moja baada ya nyingine. Mataifa yameandika mapatano juu ya bunduki pia. Mojawapo lina jina la mji wetu mkuu: Mkataba wa Kinshasa wa 2010, wa nchi za Afrika ya Kati, ulioanza kutumika mwaka 2017. Lakini hakuna mkataba utakaoshuka kutoka juu na kukusanya bunduki peke yake. Lazima kuwe na watu huku chini wanaojua namna ya kufanya.

Tukitazama jinsi mataifa yalivyofaulu, na mahali yaliposhindwa, tunapata mambo matano.

La kwanza, kutangaza. Hakuna amani ambapo kila upande unaficha. Afrika ya Kusini ilisema wazi: tulikuwa na mabomu sita. Jamii mbili zikikutana kwenye baraza, kila moja iseme kwanza ya kwake, si kuhesabu ya mwenzake.

La pili, shahidi. Wakaguzi wa Vienna na La Haye wanakubaliwa kwa sababu hawatoki upande mmoja. Vivyo hivyo, bunduki zisikusanywe na jamaa wa washindi peke yao. Wachaguliwe wazee, akina mama na watu wa dini kutoka pande zote, wahesabu pamoja na kuandika pamoja.

La tatu, kuharibu mbele ya macho. Silaha iliyowekwa ghalani huweza kurudi usiku. Iliyokatwa au kuchomwa mchana, watu wakitazama, hairudi.

La nne, usalama kwa anayetoa. Ukraine inatufundisha kwa uchungu. Anayeweka silaha chini akiahidiwa ulinzi, kisha akaachwa, yeye na jirani zake wote hujifunza kwamba ni ujinga kutoa. Basi kiongozi asiahidi ulinzi asioweza kuuleta. Afadhali aseme «bado», kuliko kusema «ndiyo» ya uongo.

La tano, deni la pande mbili. Mkataba wa 1968 umechoka kwa sababu wakubwa waliwadai wadogo ahadi yao huku wakisahau ya kwao. Kijijini ni hivyo hivyo. Ikiwa vijana wa upande huu wametoa bunduki, na wa upande ule wamebaki nazo kwa sababu wana jamaa mkubwa mjini, amani hiyo haitafika mavuno mawili. Na kijana aliyetoa bunduki bila kupata jembe, shule wala kazi, ataitafuta tena.

Labda mtu atasema: «Sisi ni wadogo, tutafanya nini?» Wakati Afrika ilipodai bara lisilo na bomu mwaka 1964, ilikuwa maskini na changa. Ilingoja miaka 32 kupata sahihi, na 45 kuona mkataba ukianza kazi. Lakini ulianza. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutane mnaohama na mnaopokea, muulizane swali hili juma hili: katika eneo letu, nani anaweza kuwa shahidi ambaye pande zote zitamwamini? Mkipata majina matatu tu, ya kweli, mmeanza kazi ile ile inayofanywa Vienna.

 Mwenye redio amwite jirani asiye nayo. Mwenye kusoma amsomee asiyejua. Na Mungu awarudishe makwenu salama.